Kubadili injini ya pikapu ya zamani kwenye uwanja mdogo: shusha gia boksi kwanza, halafu sukuma gari uache injini inaning'inia

Uwanja ninaofanyia kazi hapa Mwanjelwa, Mbeya, una upana wa mita tatu na kidogo, huku ukuta wa jirani, kule jiko la mama mwenye nyumba, na humo humo nimeshatoa injini za pikapu nyingi tu bila kubomoa kitu cha mtu. Kwa hiyo akija mtu akaniambia hawezi kubadili injini kwa sababu hana gereji kubwa huwa namkalisha chini namwelekeza, na leo naandika yote ili hata wa Tukuyu au Mafinga asome afanye. Mfano ntakaotumia ni Hilux ya mjomba wangu, 4WD ya mwanzoni mwa miaka ya 90, ilikuwa na injini ya 2L, kazi yake ni kubeba viazi kutoka Isyonje mpaka soko la SIDO, na ilifika mahali inakula oili kuliko dizeli.

Kwanza injini ya kuweka. Familia hii ya Toyota ina 2L yenye cc 2446, 3L yenye 2779 na 5L yenye 2986, na uzuri wake gia boksi ya 2L inashika kwa hizo nyingine bila kuchonga chochote. Mbeya tupo mita kama 1700 juu ya bahari, ukipanda Isyonje au njia ya Chunya unazidi mita 2000, na dizeli isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda maana hewa ni nyepesi. Ndo maana mtu anayebeba mzigo milimani namwambia moja kwa moja weka 3L, na kama mfuko unaruhusu 5L ya pampu ya kawaida. Ile 5L-E ina umeme kwenye pampu, inataka kompyuta yake na waya zake zote, usiichukue kama huna hivyo vitu mkononi. Na 2L-T yenye turbo siipendi kabisa kwa milima yetu, silinda hedi yake ni mwepesi wa kupasuka ikipata moto.

Injini nyingi za 3L na 5L utakazoonyeshwa zimetoka kwenye Hiace, na hapa ndo watu wanalia, mana injini ya Hiace ina sampo (bakuli la oili la chini) tofauti na mikono ya mauntingi (vishikio vyenye mpira vinavyobeba injini) tofauti. Ukiipeleka kama ilivyo kwenye Hilux ya 4WD sampo inakutana na difu (boksi la gia la katikati ya matairi) ya mbele na injini haikai. Dawa yake ni ndogo, chukua sampo ya injini yako ya zamani pamoja na chujio lake la kunyonyea oili na bomba la dipstiki, chukua na mikono ya mauntingi, manifoldi na vishikio vya altaneta, hamishia kwenye injini mpya. Kwa hiyo injini ya zamani usiiuze kwa watu wa vyuma chakavu mpaka mpya iwake na itembee wiki mbili.

Kabla hujatoa hela fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna utando mweupe kama maziwa, angalia kwenye njia za maji kama kuna kutu nyingi, zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa spana uone inaenda raundi mbili kamili bila kukwama, na kama muuzaji anaruhusu pima kompresheni silinda zote nne, zinazokaribiana ndo nzuri, moja ikiwa chini sana achana nayo. Mimi kuna mwaka nilinunua kwa haraka jioni, sikufungua hata kifuniko, nikafunga injini yote, kuwasha tu maji yanachemka, hedi ilikuwa imepasuka toka huko ilikotoka, ikabidi nitoe tena kila kitu na mteja alikuwa anaidai gari yake avune. Iliniuma sana. Na risiti pamoja na karatasi za injini uzidai, kwa sababu kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadili unatakiwa uende TRA (mamlaka ya mapato) ubadilishiwe, vinginevyo siku ya kuuza gari au ya kusimamishwa barabarani utahangaika.

Injini ikishafika usikimbilie kuifunga. Ikiwa chini unafika kila mahali, ikiwa ndani ya gari hufiki. Badilisha taimingi belti na beringi yake ya kukazia hata kama muuzaji amekuapia, kwenye injini hizi belti ni ya kilomita laki moja na ikikatika valvu zinagongwa na pistoni. Badilisha oili sili ya nyuma ya krenki, water pump kama ina mchezo, pailoti beringi, klachi pleti na rilizi beringi. Angalia pia volti iliyoandikwa kwenye plagi za kupashia moto, zipo za volti 6 na zipo za 11 na 12, ukiweka za volti ndogo kwenye mfumo wa volti kubwa zinaungua siku hiyo hiyo, na Juni na Julai asubuhi za Mbeya bila plagi nzima utasukuma gari kila siku.

Sasa uwanja. Winchi ya matairi inataka sakafu na nafasi ya kuzunguka, mimi sina, kwa hiyo natumia nguzo tatu nene za mlingoti, mbichi kidogo zisizo na ufa, nimezifunga juu kwa mnyororo na bolti, miguu yake nimeichimbia chini isiteleze, pale juu inaning'inia cheni bloku (winchi ya mnyororo ya kuvuta kwa mkono) ya tani moja. Injini yenye vitu vyake hesabu zaidi ya kilo 200, kamba ya katani usiilete. Nguzo zinasimama mwisho wa uwanja kule ndani, na pikapu inaingia kwa pua, miguu miwili huku na huku ya mabadi na mmoja mbele ya bampa. Faida yake utaiona wakati wa kutoa, injini ikishanyanyuka hauisogezi hata sentimita, unaisukuma pikapu inarudi nyuma kuelekea getini, injini inabaki inaning'inia hewani unaishusha taratibu juu ya tairi kuukuu. Kwenye uwanja mwembamba hakuna njia nyingine salama kama hii.

Kutoa anza na betri, waya wa hasi kwanza. Mwaga maji na oili. Toa boneti (wawili mshike, weka alama ya bawaba kwa kalamu ya rangi), toa grili, redieta, feni na kikombe chake, na kama chuma cha juu cha redieta kwenye gari yako kimefungwa na bolti kitoe pia, utapata nafasi ambayo hukujua ipo. Kila waya unaochomoa funga plasta nyeupe uandike, piga picha na simu kabla na baada, bolti ziweke kwenye trei la mayai kwa mpangilio wa kutoka. Paipu za dizeli ziba midomo yake kwa nailoni safi, mchanga ukiingia kwenye pampu hasara yake inazidi bei ya hiyo klachi uliyonunua.

Gia boksi ndo moyo wa kazi yote kwenye nafasi ndogo. Wengi wanatoa injini na gia boksi kwa pamoja, inahitaji urefu mkubwa mbele ya gari na kuiinua ikiwa imelala mkia chini, kwenye uwanja kama wangu utavunja kioo au utamvunja mtu. Tenganisha. Nyanyua pikapu weka stendi za chuma, au magogo mazima yaliyokatwa sawa, matofali usithubutu mana yanapasuka bila kutoa taarifa. Toa mkono wa gia ukiwa ndani ya kabini, shusha propela shafti zote mbili, kebo ya spidi, waya wa taa ya rivasi, na silinda ndogo ya klachi ifungue bolti tu uifunge pembeni kwa waya, paipu yake usiifungue, hutakuwa na kazi ya kutoa upepo baadaye.

Bolti mbili za juu zinazoshika gia boksi kwenye injini ndo zinazokatisha watu tamaa, fayawoli (ukuta wa chuma kati ya injini na kabini) imezibana, mkono hauingii na spana haizunguki. Fanya hivi: weka jeki chini ya gia boksi, toa krosi memba (chuma cha kukingama kinachobeba gia boksi), halafu shusha jeki taratibu mkia wa gia boksi uiname. Injini nayo inalala nyuma kidogo kwenye mauntingi zake, kichwa cha bolti kinajitokeza, unapitisha ekstensheni ndefu kutoka nyuma juu ya gia boksi mpaka pale na inafunguka kwa raketi ya kawaida. Ukiwa unashusha mwambie mwenzako aangalie paipu za juu zisivutike. Kabla gia boksi haijaachia, laza mbao ngumu inchi nne kwa nne juu ya chesisi kushikilia nyuma ya injini, vuta gia boksi nyuma imenyooka mpaka shafti itoke kwenye klachi, ishushe, itoe kwa pembeni. Kisha shusha gari kwenye matairi yake, na matairi weka mawe.

Mnyororo ufunge kwenye masikio mawili ya kunyanyulia yaliyopo kwenye injini, moja mbele moja nyuma, sio kwenye paipu wala manifoldi. Kaza kidogo tu mpaka mauntingi zisiwe na uzito, fungua nati zake, nyanyua sentimita tano, simama, zunguka uangalie waya gani bado umeshika. Karibu kila mara upo mmoja, na mara nyingi ni waya wa athi unaotoka injini kwenda kwenye bodi. Injini ikipita juu ya bampa, toa mawe, wawili wasukume pikapu nyuma, na hakuna mtu kuingiza mkono wala mguu chini ya injini inayoning'inia, hata kwa sekunde.

Kurudisha ni njia ile ile kinyume, injini inakaa kwanza kwenye mauntingi, gia boksi inakuja kwa chini. Klachi pleti ipange katikati kwa shafti kuukuu ya gia boksi, au kijiti kilichozungushiwa plasta mpaka kibane, upande wenye springi zilizotokeza uangalie gia boksi. Tafuta bolti mbili ndefu, kata vichwa, zifunge kwenye bloku ziwe reli za gia boksi kuteleza. Ikigoma kuingia kwa sentimita mbili za mwisho usiivute kwa kukaza bolti, utavunja kengele (mdomo mpana wa mbele) ya gia boksi au kupinda pleti, weka gia ya nne halafu mwenzako azungushe krenki kidogo kidogo mpaka meno yakubaliane, itaingia yenyewe.

Vitu viwili vya kuangalia mara mbili mbili. Altaneta ya injini hizi imebeba pampu ya vakyumu ya breki nyuma yake, ina hosi ya oili na hosi ya kwenda kwenye sevo (kisaidizi cha breki), ukisahau moja breki inakuwa ngumu kama jiwe na wewe unaelekea mteremko. Na ule waya wa athi, usiporudishwa, umeme wa stata unatafuta njia kwenye kebo ya eksileta na kuiunguza.

Jaza oili karibu lita sita huku ukipima kwa dipstiki, chomoa waya wa kukata mafuta kwenye pampu, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, rudisha waya. Piga pampu ya mkono iliyo kwenye kichwa cha filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, legeza nati za paipu kwenye nozo (zinazopulizia dizeli ndani ya injini), piga stata hadi dizeli iteme bila povu, kaza, pasha plagi, washa. Maji weka yenye kulenti, sio ya bomba peke yake, kwa sababu maji matupu huku kwetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kifuniko cha redieta kikiwa kibovu huna kinga. Acha injini ingurume redieta ikiwa wazi mpaka mapovu yaishe.

Siku ya kwanza zunguka mjini tu, ukirudi kaza nati zote upya ikiwa imepoa. Siku ya pili toka Uyole, panda Igawilo mpaka Isyonje bila mzigo, jicho kwenye geji ya moto, ukifika juu simama uangalie chini ya gari kama kuna tone. Pikapu ya mjomba ilipanda na gia ya tatu pale ilipokuwa inaomba ya pili, geji ikabaki katikati, na wiki iliyofuata ikashuka na gunia kumi za viazi.