Jinsi ya Kuielewa Kiribati Kupitia Takwimu Zake

Anza na jina la Kiribati, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ambalo wenyeji hulitamka "Kiribas", kwa kuwa katika lugha yao herufi "ti" husomwa kama "s". Kisha linganisha vipimo viwili: nchi kavu ya visiwa vyote 33 haifiki kilomita za mraba 850, ilhali eneo lake la bahari linakaribia milioni 3.5. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa uchumi wake, maana serikali hupata sehemu kubwa ya mapato kwa kuziuzia meli za kigeni leseni za kuvua jodari, huku familia za visiwa vya mbali zikipasua nazi na kuzianika juani zipate mbata za kuuza.

Usitegemee wastani wa msongamano: kati ya watu wapatao 120,000 waliohesabiwa mwaka 2020, zaidi ya nusu wanaishi Tarawa Kusini, makao makuu ya nchi, kwenye ukanda mwembamba kati ya bahari na wangwa.

Unapofika kwenye bajeti, inayoandikwa kwa dola ya Australia, utafute mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1956 kwa mapato ya fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, ya kisiwa chake cha Banaba. Machimbo yalikoma mwaka 1979, mwaka wa uhuru, lakini mfuko ungalipo, nami nauona kuwa uamuzi wa busara kuliko yote.