Somo: Namna ya kuanza kukusanya midoli ya filamu ya Transformers ya 1986

Wakuu, somo lenyewe hili. Naongelea ile filamu ya katuni, The Transformers: The Movie, iliyotoka Marekani Agosti 8, 1986, siyo zile za waigizaji zilizoanza 2007. Ni kisa cha maroboti wanaogeuka magari na silaha, Autobot wema wakipigana na Decepticon wabaya. Hela ilikuwa ya Hasbro wa Marekani, lakini uchoraji ulifanywa na Toei Animation ya Japani, na midoli mingi ya mwanzo ilishakuwa ikiuzwa Japani na Takara kabla Hasbro hawajaipa majina tunayoyajua. Ndiyo filamu ambayo Optimus Prime, kiongozi wa Autobot, anakata roho kabla hata haijafika nusu. Niliiona nikiwa mdogo, na kile kitendo cha rangi zake kufifia mpaka akabaki kijivu hakijanitoka hadi leo.

Hatua ya 1: Amua unampenda yupi, wa dukani au wa kwenye filamu

Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hasbro walitaka kuondoa midoli ya 1984 na 1985 ili waingize mipya. Ndiyo maana Prowl, Ratchet na Ironhide, Autobot wa midoli ile ya zamani, wanauawa mapema vile kwenye filamu. Lakini hiyo mipya yenyewe haikufanana na filamu. Galvatron, kiongozi wa Decepticon, kwenye filamu ni wa zambarau. Wa dukani alikuwa wa kijivu. Ultra Magnus, Autobot tunayemwona kwenye filamu, ni askari mmoja mzima, ila mdoli wake ni kichwa cha lori cheupe, umbo lilelile la Optimus, kinachovalishwa trela mwilini kama deraya. Sababu ni kwamba umbo hilo lilitoka kwenye midoli ya Takara iliyoitwa Diaclone, iliyokuwepo kabla ya filamu.

Kwa hiyo njia ni mbili. Kuna midoli ya wakati ule, ambayo wakusanyaji tunaiita G1 (Generation 1, yaani kizazi cha kwanza). Na kuna midoli ya siku hizi iliyochongwa ifanane na filamu: Studio Series 86 ya Hasbro, iliyoanza 2021, na Masterpiece ya Takara Tomy, ambayo ni ya bei kubwa. Ushauri wangu kwa anayeanza ni Studio Series 86. Anza na Hot Rod na Kup, Autobot wawili wa filamu hii. Viungo vinakaza, rangi ni za filamu, na hata ukikosea kununua hutaumia sana. G1 ije baadaye, jicho likishazoea.

Hatua ya 2: Chagua tukio moja

Usinunue kila unachokiona. Chagua tukio moja la filamu, ulikamilishe. Mimi nilianza na kutawazwa kwa Starscream, Decepticon anayejitangaza kiongozi mpya, kwa sababu Studio Series walimtoa akiwa na taji na joho lake. Galvatron, anayekuja kumuua hapohapo, akisimama mbele yake, rafu moja tu inasimulia kisa kizima.

Hatua ya 3: Kagua G1 kabla ya kulipa

Muuzaji akupe picha za karibu, mbele na nyuma, mdoli ukiwa roboti na ukiwa gari. Kwa Optimus uliza ngumi kwanza. Ngumi zake zinachomolewa anapogeuka lori, na watoto wa miaka ile walizipoteza sana. Kisha bunduki, trela, na Roller, kile kigari kidogo kinachokaa ndani ya trela. Tazama na kromu kwenye ekzosi na grili, maana ikishabanduka hairudi.

Kwa Galvatron, mwambie muuzaji afungue sehemu ya betri akupigie picha. Mdoli ule unawaka taa na kutoa sauti, na betri zilizosahaulika ndani kwa miaka huvuja na kula vyuma vya kupitishia umeme.

Usidanganywe na mwaka uliochongwa mwilini. Huo huonyesha umbo lilisajiliwa lini, siyo mdoli ulitoka kiwandani lini. Ndiyo maana utakuta Optimus halali kabisa mwenye mwaka ulio kabla ya 1984.

Hatua ya 4: Utunzaji

Jua ni adui, vumbi linafuata. Na sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi: skrubu na pini za chuma zinashika kutu, stika zinabanduka pembeni. Weka kabati la kioo mbali na dirisha, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu usivitupe. Kusafishia tumia brashi laini kavu. Spiriti usiguse nayo kromu wala stika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimeona Optimus wa 1984 hana ile stika ya kusugua. Ni feki?

Hapana, mkuu. Ile stika, ambayo ukiisugua joto la kidole linatokeza nembo ya Autobot au Decepticon, ilianza 1985. Optimus wa 1984 hapaswi kuwa nayo. Mwogope Hot Rod wa 1986 ambaye hata alama ya kubandikia stika haionekani. Na kumbuka kuna matoleo ya marudio halali ya Hasbro na Takara. Si feki, ila hayastahili bei ya 1986.

Ndugu yangu yuko Marekani, nataka anitumie Megatron wa G1. Kuna shida?

Ipo, na mimi nisingemwagiza. Megatron yule, kiongozi wa kwanza wa Decepticon, anageuka bastola, Walther P38, na anafanana nayo kweli. Kwenye mashine ya kukagua mizigo hakuna atakayejua kuwa ni mdoli. Mchukue Galvatron badala yake. Kwenye filamu ndiye Megatron huyohuyo aliyeundwa upya na Unicron, roboti mkubwa kama sayari, na anageuka mzinga wa kubuni usiofanana na silaha ya mtu yeyote.

Ultra Magnus wangu amekuwa wa njano kama meno ya mvuta sigara. Anarudi?

Anarudi kwa kiasi. Wengine hutumia haidrojeni peroksaidi ya saluni pamoja na mwanga wa jua, baada ya kumfungua kwa bisibisi na kutoa stika zote. Vaa glovu. Lakini njano huweza kurudi baada ya muda, na plastiki inaweza kubaki na mabaka. Kama ana stika zake za asili, kaka, muache alivyo.

Unicron wa 1986 anapatikana wapi?

Hakuwahi kuuzwa. Vilitengenezwa vielelezo tu, na mdoli wa kwanza uliofika madukani ulikuja 2003. Mkubwa kuliko wote Hasbro waliuza kwa kuchangisha oda 2019: walihitaji wanunuzi 8,000 na wakawapata, kila mmoja akilipa karibu dola 575.

Shikamoo kaka. Mwanangu ana miaka sita, analilia Hot Rod wangu. Nimpe?

Marahaba, dada. Boksi la Studio Series linasema miaka 8 kuendelea, kwa hiyo kaeni wote, wewe ugeuze yeye aendeshe gari. Bunduki na vile vipande vidogo viweke pembeni. Mpwa wangu tulifanya hivyo mwaka mzima, na sasa ananigeuzia Kup bila kuangalia karatasi ya maelekezo.