Jinsi ya kuhesabu matundu ya mbawakawa windaji kwenye fungu la mchanga mtoni

Mbawakawa windaji, wa familia ya Cicindelidae, kama Chaetodera regalis wa kingo za mito ya Afrika, huruka mita chache na kutua tena mbele yako. Ukiwahesabu wakubwa, mmoja utamhesabu mara tatu. Hesabu matundu ya lava, yaani watoto wao wanaoishi ndani ya mchanga.

Beba kamba ya mita 20, fremu ya mbao ya mita 1 kwa 1, rula ya milimita, njiti na daftari.

1. Fika asubuhi, mchanga ukiwa na unyevu. Mchanga ukishika moto, lava huziba mlango kwa mchanga na kushuka chini. Anapojivua gamba hujifungia vilevile. Kwa hiyo hesabu ya siku moja huwa pungufu ya idadi halisi. Kwenye mto wa mamba na viboko kama Rufiji, mwenzako mmoja asifanye kingine ila kuangalia maji.

2. Nyosha kamba kutoka majini kwenda kwenye majani. Ukiilaza sambamba na maji utapima unyevu wa aina moja tu, na lava huchagua mahali kwa unyevu. Weka fremu kila baada ya mita 2.

3. Tambua tundu. La lava ni duara safi, lenye ukingo laini, linashuka wima, na mchanga uliochimbwa hutupwa upande mmoja. Lenye utando ni la buibui. Ukiwa na shaka, kaa tuli dakika 10, kivuli chako kikiwa mbali: lava atapanda na kuziba mlango kwa kichwa chake bapa. Hapa wengi hukosa subira, wakaandika matundu matupu.

4. Chomeka njiti sentimita 5 kutoka kwenye tundu, pima upana wa tundu, kisha rudi siku mbili zaidi uongeze mapya. Lava hupitia hatua tatu za ukuaji, hivyo vipimo vingi vitajikusanya katika makundi matatu.

5. Spishi ithibitishe kwa mbawakawa mkubwa, maana lava hufanana mno. Msogelee anapokimbia, kwa kuwa mbio humfifishia macho; akisimama, nawe simama tuli. Funika kwa wavu kutoka juu.

Baada ya mafuriko usiandike kwamba wamekufa. Lava wa Phaeoxantha klugii, karibu na Manaus nchini Brazili, hustahimili miezi 3 chini ya maji. Subiri maji yashuke, upime palepale. Palipopita ng'ombe au malori ya mchanga, andika "pamevurugwa", usiandike sifuri.