Kutoa bustani ya nyumbani kwenye kiangazi na kuiingiza kwenye mvua za mwezi wa tisa, hapa Goma

Mwezi wa nane unaishia na wengi wameshaanza kutazama mawingu. Naomba tutazame chini kwanza. Sisi tunalima juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na kuna parseli (viwanja) nyingi ambazo udongo wake wote ulibebwa na watu. Mwenzetu wa Bukavu mvua ikinyesha anaogopa shamba lisiteremke bondeni. Hapa kwetu maji yanazama kwenye nyufa za mawe na kuondoka na chakula cha mboga. Kwa hiyo somo hili litakaa sana kwenye udongo.

Hatua ya 1: Ng'oa vilivyochoka. Nyanya na biringanya za kiangazi zenye majani ya madoa zichomwe, zisiingie kwenye mboji. Lengalenga iliyopanda juu usiing'oe yote. Acha mashina mawili matatu yaliyo bora. Kichwa kikikauka, kisugue kiganjani: mbegu nyeusi zinazong'aa zitaanguka, puliza makapi polepole. Hiyo ni mbegu ya msimu mzima, bila kununua.

Hatua ya 2: Tengeneza udongo sasa, kabla ya mvua. Hapa usiwe na haraka. Chomeka kijiti kwenye tuta. Kikigonga jiwe kabla ya sentimita 25, inua tuta: panga mawe ya volkano kuzunguka, bila simenti ili maji ya ziada yatoke, na upande wa ndani tandika majani makavu ya migomba au viroba vikuukuu ili udongo usichuruzike.

Ukinunua udongo wa kuletwa na chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma), usilipe kabla ya kuupima. Chukua konzi, lowesha, finya. Udongo mzuri unashikana kama donge, ukiugusa kwa dole gumba unavunjika. Usiposhikana kabisa, umeuziwa mchanga mweusi wa volkano.

Changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza. Ya mbuzi, sungura na simbilisi ni nzuri sana. Ya kuku ni kali, lazima ioze vizuri. Ingiza mkono katikati ya rundo: pakiwa na joto, bado. Na tafadhali, majivu ya makala yasichanganywe na samadi mbichi. Ile harufu kali inayopanda puani ndiyo chakula cha mboga kinachoruka hewani. Majivu yanyunyizwe peke yake, kidogo tu, siku nyingine.

Hatua ya 3: Kitalu. Mashu (kabichi) hukaa kitaluni wiki nne hivi, kwa hiyo yamwagwe sasa. Puaro (liki) huhitaji miezi miwili au zaidi. Ambaye hakumwaga mwezi wa saba anunue miche. Kivuli cha majani ya migomba kinafaa jua hili, lakini wiki moja kabla ya kuhamisha kiondoe kidogo kidogo, asubuhi kwanza, kisha siku nzima. Mche uliolelewa kivulini tu hulala chini siku ya kwanza ya jua.

Hatua ya 4: Usidanganywe na mvua ya kwanza. Inanyesha, vumbi linatulia, halafu siku kadhaa ni kavu na mbegu zilizoanza kuota zinakufa. Subiri siku mbili bila mvua, kisha ingiza kidole. Ukikuta unyevu hadi kwenye pingili ya pili, panda. Miche ihamishwe jioni, mashu yaachane sentimita 40 hadi 50. Lengalenga na karoti hupandwa palepale. Mbegu za lengalenga changanya na mchanga mkavu zisije zikarundikana.

Hatua ya 5: Lisha kidogo kidogo. Mvua kubwa inaosha tuta, hivyo mbolea yote ya mara moja inapotea. Konzi ya mboji kwa kila shina la shu, kila wiki mbili au tatu. Majani ya kufunika ardhi yapunguzwe na yasiguse shina, maana konokono hujificha humo.

MASWALI YA WANAMEMBA WA KIKUNDI, KILA MMOJA NA MTAA WAKE

*Wa Ndosho: Mama, mimi ni mpangaji na uwanja ni mawe matupu. Nifanyeje?*

Tumia viroba, dada. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya kiroba, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha vuta kopo juu na kuendelea hivyo hadi ujaze. Maji yatashuka katikati na kufika chini. Toboa pembeni upande lengalenga, juu weka mashu mawili. Ukihama, unahama navyo.

*Wa Mugunga: Majani yameungua madoa baada ya manyunyu. Ni ugonjwa?*

Tazama, kaka: ugonjwa huanza kwenye aina moja. Kama maboga, maharagi na mashu yameungua siku moja, tena majani ya juu yaliyo wazi, huo ni moshi wa volkano. Una salfa, na upepo huusukuma zaidi magharibi, kwenu na Sake. Suuza majani kwa maji safi, usiyang'oe yaliyo mabichi. Maji ya mvua ya siku hizo msinywe; yanaweza kubeba floraidi.

*Wa Katindo: Nyanya zangu bado zinazaa, niziache?*

Ziache kama una sehemu chini ya ukingo wa bati au plastiki angavu. Zikinyeshewa, mildiu (ugonjwa wa ukungu) itazimaliza. Geuza majani asubuhi: doa la kahawia lenye ukungu mweupe chini yake, kata na uchome siku hiyohiyo. Mwagilia shinani tu.

*Wa Himbi: Karoti zangu huwa zinagawanyika miguu miwili.*

Zimegonga mawe, au umeweka samadi mbichi. Chekecha udongo kwenda chini sentimita 25, na uzipande kwenye tuta lililolisha mashu msimu uliopita, bila kuongeza samadi.