Udongo wa Magofuni Usiupeleke Kitaluni

Masika yakikaribia, gari za ng'ombe hutoka magofuni zimejaa udongo mweusi wa kujazia viriba (mifuko) vya miche ya mikarafuu. Unachimbwa kwenye vilima vilivyozunguka makaburi ya kale. Ndugu wakulima wa Pemba, acheni. Hasara yake ni mara mbili.

Weusi ule ni wa majivu na mabaki ya karne nyingi, lakini ndani yake mna chokaa na matumbawe ya kuta zilizoporomoka. Chokaa ikizidi, mkarafuu hushindwa kunyonya madini ya chuma: majani yanageuka manjano, mishipa inabaki kijani, mche unadumaa. Mkulima hudhani ni njaa, anaongeza mbolea, na fedha inapotea bure. Pima kwanza: tia kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, ukamulie ndimu. Ukitoa povu, haufai.

Tumia ndoo 3 za udongo wa juu wa shamba, usizidi kina cha sentimita 15, ndoo 2 za samadi iliyooza miezi 3 na ndoo 1 ya mchanga wa mtoni. Wa mtoni! Mchanga wa pwani una chumvi na chokaa ile ile, na hili limesemwa mikutanoni mara nyingi mno. Changanya mwezi wa Januari, si wiki ya kupanda. Mche mzuri hutoa majani mekundu yanayokomaa kuwa kijani.

Hasara ya pili hailipiki. Sheria ya Zanzibar inakataza kubomoa au kuondoa chochote kwenye eneo la kale lililohifadhiwa, na makaburi ya kale yenye nguzo za mawe ya Ras Mkumbuu, hapa Pemba, ukishayachimbua misingi hayajengeki upya. Wala usiseme "hapa hapana jiwe". Kule Tumbe, kaskazini mwa Pemba, palikuwa na mji wa karne ya 7 hadi ya 10 wenye nyumba za udongo. Kilichobaki ni vigae vya vyungu na shanga ardhini.

Kwa hiyo acha mita 5 kutoka jiwe la mwisho la gofu bila tuta la muhogo. Mti uliootea kaburini ukatwe usawa wa ardhi, using'olewe. Usichome majani hapo, kwani joto la moto hupasua na kudhoofisha matumbawe. Jembe likigonga vigae vingi, simama, viache vilivyo, umwite sheha (kiongozi wa shehia yako) siku hiyo hiyo ili Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ipate habari.