Kulisha Ua wa Kayaba Ili Ufunge Haraka

Ua wa kayaba, ule mmea wa miiba unaopandwa kuzungushia kiwanja, ukichelewa kufunga mianya yake hapa Nairobi, tatizo mara nyingi si uchache wa mbolea bali ni wakati na mahali ilipowekwa. Mizizi hunyonya virutubisho vilivyoyeyuka majini, kwa hiyo mbolea iliyomwagwa kwenye vumbi la Februari hulala tu juu ya udongo. Ngoja mvua za Machi hadi Mei, au zile za Oktoba hadi Desemba, zilowanishe ardhi vizuri. Mwenye maji ya kumwagilia anaweza kulisha katikati ya misimu, mradi amwagilie kwanza.

Samadi iliyooza ndiyo msingi. Ishike mkononi: iliyo tayari humomonyoka kama udongo wa msituni, haina joto wala harufu ya mkojo, ilhali samadi mbichi huunguza mizizi michanga. Chimba mfereji usio na kina sambamba na mstari wa miche, shubiri moja kutoka kwenye mashina, uchanganye samadi na udongo humo. Miche ikishashika, nyunyizia CAN, mbolea ya dukani yenye nitrojeni, kwenye mfereji huo, kifuniko kimoja cha soda kwa kila mche, bila kugusa shina, kisha ufunike kwa matandazo ya nyasi kavu.

Udongo mwekundu wa Karen na Lavington hung'ang'ania fosforasi, ndiyo maana DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, huchanganywa na udongo wa shimo wakati wa kupanda badala ya kunyunyiziwa juu baadaye. Kwenye udongo mweusi wa Embakasi na South C maji hutuama, nitrojeni hupotea na majani hugeuka manjano. Mwenye ua huongeza mbolea, kumbe kilichohitajika ni mtaro.

Kwa maoni yangu, makasi hufanya kazi kubwa kuliko gunia la mbolea. Kayaba iliyolishwa bila kukatwa hukimbilia juu na kuacha mianya chini, pale pale mbuzi wa jirani anapopenyea. Kata ncha miche inapofika magotini, hata kama roho inauma, kisha ulishe ili machipukizi ya pembeni yapate nguvu.

Lakini kama ua wako ni wa saipresi, si wa kayaba, ujue kwamba haivumilii kukatwa ovyo: tawi kuukuu lililokwisha majani halichipui tena hata likilishwa vipi, kwa hiyo punguza sehemu ya kijani pekee.