Seli za kongosho ulizompandikiza panya: utajuaje kama bado ziko hai?

Umeshampa panya kisukari kwa streptozotosini (dawa inayoua seli zake za insulini), umeshaweka vile visiwa vya Langerhans (vifungu vya seli za kongosho vinavyotengeneza insulini) chini ya utando wa figo, umeshona, panya kaamka na anakula, sasa kazi ndo inaanza. Wengi wanakimbilia glukomita, sukari ikishuka tu wanashangilia. Tulia kwanza.

Sukari pima, ndiyo, ila saa ileile kila siku maana panya akitoka kula namba inapanda. Toboa ncha ya mkia kidogo, tone la kwanza futa, la pili ndo liguse kijiti. Wengi wanahesabu kisukari kuanzia 300 mg/dL mara mbili mfululizo, na wakiona iko chini ya 200 wanasema seli zimeshika. Ila siku mbili tatu za mwanzo usiziamini sana, seli zinazokufa zinamwaga insulini yao yote mara moja, sukari inashuka halafu inarudi juu. Mishipa mipya ya damu nayo inachukua kama wiki mbili hivi kukomaa, kabla ya hapo seli zinahangaika na oksijeni kidogo, na nyingi zinafia hapohapo.

Shida nyingine, ukipandikiza nyingi nusu inaweza kufa na sukari ikabaki nzuri tu, glukomita haioni kitu. Hapo ndo mwanga unasaidia. Chukua visiwa kutoka kwa panya waliowekewa jeni ya lusiferasi (kimeng'enya kinachotoa mwanga kikikutana na kemikali iitwayo lusiferini), mchome panya aliyepandikizwa sindano ya lusiferini tumboni, 150 mg kwa kilo ndo dozi ya kawaida, mlaze kwa isoflureni (dawa ya usingizi ya kuvuta) umweke kwenye kamera inayonasa mwanga hafifu. Seli iliyokufa haiwaki, maana kimeng'enya kinahitaji ATP (nishati ya seli hai) na oksijeni. Piga picha mfululizo mpaka uone kilele, mara nyingi dakika 10 hadi 20, usichukue moja ukaondoka. Panya mweusi mnyoe mgongo, manyoya yanameza mwanga, na mlaze vilevile kila wiki la sivyo unalinganisha mkao sio seli. Wanaotia seli chembe za chuma ili wazione kwa MRI (picha za sumaku) wajue seli ikifa chuma kinabaki, makrofaji (seli za kinga zinazomeza mabaki) wanakibeba na doa linaendelea kuonekana kama vile mambo safi.

Kama visiwa ni vya binadamu kwenye panya asiye na kinga, umerahisishiwa, pima C-peptaidi ya binadamu (kipande kinachotolewa pamoja na insulini) kwenye damu, ya panya mwenyewe haitakuchanganya ukichagua kifaa sahihi cha kupimia.

Mwisho kabisa toa ile figo yenye visiwa, panya anaishi na moja bila tabu. Sukari ikiruka juu ndani ya siku chache, basi ndo zilikuwa zinafanya kazi. Isiporuka, kongosho lake mwenyewe limepona baada ya streptozotosini, inatokea bwana. Figo usiitupe, weka kwenye fomalini, kata vipande vyembamba upake rangi ya insulini, na kongosho nalo ulikague hivyohivyo.